Jeni Iliyoingia kwa Flash ya Studio

Mmeniomba niwaandikie ushauri, nyinyi mnaoingia labo mwaka huu. Ushauri sina. Nina makosa niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, na nina hasira kidogo ambayo kustaafu hakukuimaliza. Chukueni vyote viwili, mtaona wenyewe kipi kitawafaa.

Naitwa Riziki, wa Rugenge. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuingiza jeni ya kigeni ndani ya seli za mnyama. Mnyama mwenyewe ni ngege, samaki yule yule mnayemla na ugali wa muhogo. Mkisikia mtu anasema kazi ya namna hiyo hufanywa Ulaya tu, kwenye majumba ya vioo yenye jenereta mbili, mwambieni ilifanyika Uvira, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye bati linalovuja, hatua chache kutoka ziwani. Na mwambieni pia kwamba aliyeifanya alianza kama muosha chupa.

Niliajiriwa kufagia, kupiga deki na kuosha vyombo. Mkubwa wetu alikuwa Dokta Lubala, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyezungumza na seli zake kuliko na wafanyakazi. Alikuwa amekata vipande vya pezi la ngege, akavilainisha mpaka seli zikaachana, akazimwagia chakula chao cha majimaji ndani ya chupa bapa ili zishike chini na kuzaana. Mgeni mmoja aliyetutembelea alikuwa amemwambia kwamba haiwezekani. Hakuna gesi, umeme unakatika kila siku, seli zitakufa. Dokta alimjibu kwamba seli zinazodai gesi na joto la mwili wa mtu ni za mnyama mwenye damu moto. Ngege anaishi katika maji ya Tanganyika, na chumba chetu kina joto karibu sawa na maji yale. Tena kuna chakula cha seli kisichohitaji gesi hata kidogo. Alichagua mnyama anayekubaliana na hali yetu. Jambo hilo hakunifundisha. Nililisikia nikiwa nimeshika ufagio, na sijalisahau.

Ila seli zilikuwa zinakufa kweli. Zinashika siku mbili, siku ya tatu zinajikunja na kuelea kama maganda. Asubuhi moja Dokta akatoka chumbani na chupa mkononi.

"Nani iko naosha hizi?"

"Ni minye, Dokta."

"Unaosha na nini?"

"Na ile sabuni mulinipatia. Lakini iko nabaki mu chupa. Ukitia maji na kutikisa, povu inarudia. Nilishaisema, hakuna muntu alinisikia."

Akatia maji, akatikisa. Povu likapanda, dogo, jembamba, lakini lilipanda.

"Ulimwambia nani?"

"Weye."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti. Tangu wiki ile nilisuuza kila chupa mara saba, mara mbili za mwisho kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, na seli zikaishi. Baada ya hapo akaniita kwenye darubini. "Weye uko na macho," alisema. "Kuya uone." Wenzake wawili walinung'unika kwamba mama wa usafi hapaswi kugusa seli. Hawakukaa sana, walipata kazi penye umeme. Mimi nilibaki.

Basi jueni kitu gani tulikuwa tunapigana nacho. Seli ina ngozi ya mafuta, nyembamba mno. Jeni ni uzi wa maagizo, nao unapenda maji na haupiti kwenye mafuta. Ukiumwaga tu juu ya seli utabaki nje mpaka uharibike. Ufundi wetu wote ni huo: kuupitisha ndani bila kumuua mwenye nyumba. Na ili mjue umepita, mnatumia kwanza jeni ya majaribio. Yetu ilitoka kwa kiwavi wa baharini, mnyama laini kama uji anayeng'aa kijani. Seli ikiipokea, ukiimulika kwa taa ya buluu ya darubini, nayo inawaka kijani. Isipoipokea unaona giza.

Njia ya kwanza niliyofunzwa ni ya chumvi mbili, ya kalsiamu na ya fosfati. Ukizikutanisha hutokea chembechembe, na jeni hushikamana nazo. Chembe zinashuka juu ya seli, seli inazimeza, jeni inaingia ikiwa tumboni. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mikono inatesa. Lazima utone tone moja moja huku ukipuliza mapovu kwa mrija ulio mkono wa pili, na uchachu wa maji uwe pale pale unapotakiwa. Ukikosea kidogo, chembe zinakuwa kubwa kama punje za mchele, seli zinafunikwa na kufa. Ukikosea upande wa pili, hakuna chembe kabisa. Nilikuwa nawaambia waliokuja baada yangu watafute chembe zinazofanana na unga wa muhogo uliopepetwa mara mbili. Mkiona unga ule chini ya darubini, endeleeni. Mkiona mchele, mwageni mwanze upya, msijidanganye.

Mara ya kwanza ilipofanikiwa nilizunguka sahani nzima na kuhesabu seli tatu zinazowaka. Dokta alinipa mkono kama siku ya harusi.

"Dokta," nikamwambia, "tatu ni aibu."

"Riziki, kuna batu mu mji mukubwa hawajapata hata moja."

"Hao ni bao, minye ni minye. Minye nataka sahani nzima."

Nilikuwa mkaidi, nakiri. Lakini si ukaidi wa bure. Kule Sange, kwenye tambarare ya Ruzizi, kulikuwa na mama mmoja mkulima, Mama Kabura, mwenye mashamba ya mpunga na mabwawa mawili ya ngege. Msimu mmoja samaki wake walianza kuvimba macho na kuelea. Kila asubuhi anaokota ndoo. Dokta alichukua vipande, akavipeleka kwa wenzake wenye vifaa, wakamjibu kwamba ni kirusi. Wakamtumia kipande kimoja cha jeni ya kirusi hicho, kipande tu, kisichoweza kuleta ugonjwa. Dokta alikuwa na wazo. Tukiingiza kipande kile ndani ya seli za ngege, nazo zikatengeneza sehemu ya ganda la kirusi, tutajua kama kinga ya samaki inalitambua. Ikilitambua, hapo ndipo chanjo inaweza kuanzia. Lakini kwa seli tatu kwenye sahani huoni chochote. Seli tatu ni bahati nasibu.

Njia ya pili ilikuwa ya mafuta. Unafunga jeni ndani ya vitone vidogo vya mafuta, na kwa kuwa ngozi ya seli ni mafuta, vinayeyukiana. Njia nzuri sana, sina ubaya nayo. Ila vitone vile vilitoka mbali ndani ya barafu, na safari moja aliyetutumia alisahau karatasi, boksi likakaa mpakani siku sita juani. Lilipofika nilifungua nikakuta maji vuguvugu. Nikayajaribu hata hivyo. Hakuna kilichowaka.

Na wiki hiyo ndiyo barua ilipofika.

Ofisi iliyotusimamia ilikuwa inatuma wakaguzi. Barua ilisema kwa Kifaransa kizuri kwamba labo isiyotoa matokeo itabidi iachie vifaa vyake kwa labo inayotoa. Maana yake darubini. Tulikuwa na darubini moja yenye taa ya buluu, na bila hiyo sisi ni nyumba yenye chupa. Tulipewa mwezi mmoja. Dokta Lubala alikuwa Bujumbura, amelazwa, wamempasua mgongo. Nikampigia simu nikamsomea barua.

"Waambie wangoje nirudi," alisema.

"Hawatangoja, Dokta. Bameandika tarehe."

"Sasa utafanya nini?"

"Kuna njia ya umeme. Ulinisomesha."

"Riziki, mashine ya ile njia hatuna."

"Niko najua hatuna."

Njia ya umeme ni hii. Unaweka seli na jeni pamoja katika kijichupa cha mraba chenye sahani mbili za alumini pembeni. Unapitisha mshtuko mmoja, mfupi kuliko kupepesa jicho. Ngozi ya seli inatoboka vitundu, jeni inaingia, vitundu vinajifunga. Mashine yake si uchawi. Ni kitu kinachojaza umeme na kuutoa wote kwa mpigo mmoja. Nilikaa nikifikiri ni nani Uvira ana kitu kinachojaza umeme na kuutoa wote kwa mpigo mmoja, na jibu lilikuwa ukutani kwangu: picha yangu ya kipaimara, mimi nimefumba macho kwa sababu ya mwanga.

Papa Amisi, aliyeipiga picha ile, alikuwa na studio mtaa wa Kimanga, kati ya muuza vipuri na saluni. Ile flash yake kubwa ya miguu mitatu ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Batu yote iko napiga na telefone," alisema. "Hii mashine iko nalala tu. Unataka picha?"

"Nataka ile kondansateri iko ndani, ile iko najaza umeme."

Alinitazama vizuri. "Weye mama, ile kitu inaua muntu."

"Minye nataka iue samaki nusu tu."

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, na nilipomaliza hakuuliza faida yake. Aliuliza, "Nusu? Juu ya nini nusu?" Nikamwambia mshtuko usioua hata seli moja kwa kawaida haujafungua mlango wowote, na mshtuko unaoua zote haujaacha mtu wa kupokea mgeni. Unatafuta katikati. Akasema kupima mwanga wa picha ni hivyo hivyo, akafunika kichwa kwa kofia yake akafunga studio. Ila alitoa sharti. Hatamwachia mtu ile flash. Atakuja nayo mwenyewe, na hakuna atakayeigusa bila sapatu za mpira miguuni na mkono mmoja mfukoni, umeme usije ukapita kifuani. Sharti hilo nawaachia na nyinyi. Umeme uliojazwa hauonekani, na haujali diploma yako.

Alitoa taa, akaunga nyaya mbili na swichi, akaleta kipimo cha mafundi wa redio tujue umejaa kiasi gani. Tuliijazia kwa betri ya gari iliyokuwa inachajiwa na sahani ya jua juu ya bati. Hivyo hata umeme wa mji ulipokatika sisi tuliendelea.

Jaribio la kwanza, Papa Amisi akabonyeza, ikalia *pah!* na cheche ikaruka. Kijichupa kikapasuka, mchuzi wa seli ukanirukia kwenye miwani.

"Sasa hii njo sayansi?" aliuliza.

Kosa lilikuwa langu. Jeni yangu ilikuwa na chumvi. Nilikuwa nimeiosha kwa alkoholi mara moja badala ya mbili kwa sababu nilikuwa na haraka. Chumvi inaita umeme, umeme ukaacha seli ukapita njia ya mkato. Andikeni mahali: haraka ya dakika kumi ilinigharimu siku nzima na kijichupa kimoja kati ya vinane nilivyokuwa navyo.

Jaribio la pili halikulia. Seli zilipona mshtuko, kisha nikaziua mwenyewe kwa kuzivuta na kuzisukuma kwenye mrija palepale. Seli iliyotoka kutobolewa ni kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, haikimbizwi. Jaribio la tatu nilizituliza dakika kumi. Zilikufa. La nne, zilikufa. Kila mara nilibadilisha kitu kimoja tu, na kila mara niliandika kwenye daftari. Fanyeni hivyo hata mkiwa na hofu, hasa mkiwa na hofu. Mtu mwenye hofu hubadilisha vitu vinne kwa pamoja, halafu kikifanikiwa hajui ni kipi.

Karatasi ya maelekezo tuliyokuwa nayo ilisema seli ziwekwe kwenye barafu kabla ya mshtuko na baada yake. Mimi nilitii. Kila asubuhi nilikwenda depo ya bia Kimanga kuomba barafu kwenye ndoo. Asubuhi ya jaribio la tano nilikuta depo haina. Umeme haukuwepo tangu juzi, mafriji yote yalikuwa yanatiririka. Papa Amisi alikuwa amekwisha fika na flash yake. Zilibaki siku nane.

"Turudie kesho," alisema.

Nikakaa kwenye ngazi nikaangalia ziwa. Nilikuwa na hasira na depo, na wakaguzi, na mgongo wa Dokta. Halafu nikaanza kuikasirikia ile karatasi. Nani aliiandika? Mtu wa nchi ya baridi, kwa seli za mnyama mwingine. Ngege ameona barafu wapi maisha yake? Huyu ni samaki wa maji ya uvuguvugu. Labda nilikuwa nazishtua mara mbili, kwa baridi kwanza, kisha kwa umeme. Nikasimama.

"Papa Amisi, jaza."

"Bila barafu?"

"Bila."

Tulifanya kwa joto la chumba. Nikaziacha zitulie palepale mezani, nikazimwagia chakula, nikazifunika. Siku mbili sikuzigusa. Siku ya tatu asubuhi nikawasha taa ya buluu nikainama.

Sikuhesabu. Hakukuwa na cha kuhesabu. Uwanja wote wa darubini ulikuwa kijani, seli kando ya seli, na weusi mahali pachache pale zilipokufa. Nilimwita Papa Amisi aangalie. Aliangalia muda mrefu, yule mtu aliyeangalia kupitia vioo maisha yake yote, kisha akasema polepole, "Hii picha minye sijawahi kupiga." Nililia. Siwafichi. Kisha nikanawa uso nikarudia jaribio mara tatu zaidi, mbili bila barafu na moja na barafu mara tu depo ilipopata, ili nisije nikawa mpumbavu mwenye bahati. Bila barafu zikawaka. Zilizowekwa barafu, giza na maganda.

Wakaguzi walikuja wawili. Yule mdogo alikuwa anaandika. Mkubwa alikuwa na suti ya kijivu, na tayari alikuwa na boksi la mbao la kubebea darubini ndani ya gari. Niliona boksi kabla sijamwona yeye.

"Docteur iko wapi?"

"Iko lopitali, Bujumbura. Minye njo nitawaonyesha kazi."

Akafungua faili. "Kwa karatasi yangu weye ni wa usafi."

"Karatasi yako ni ya zamani."

Nikamwonyesha. Aliangalia kwenye darubini, akajiondoa, akaangalia tena. Kisha akaona flash ya Papa Amisi na nyaya zake, akasoma daftari, na uso wake ukarudi kama alivyokuja nao.

"Maelekezo yanasema barafu. Hapa mumeandika bila barafu. Nani aliwapa ruhusa ya kubadilisha?"

"Ngege."

Papa Amisi alikohoa kuficha kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alisema matokeo kama yale yanaweza kutengenezwa, kwamba hajui niliweka nini ndani ya zile chupa kabla hajafika. Hapo ndipo damu iliponipanda. Nikavuta kiti nikamwekea.

"Basi kaa. Chagua chupa weye mwenyewe. Andika alama zako, minye sitaziona. Zingine utie jeni, zingine utie maji matupu. Nitapiga umeme mbele ya macho yako. Kisha utabeba ufunguo wa chumba kwa siku mbili, ulale nao."

Ni lazima niseme ukweli juu yake: alikubali. Alichagua chupa sita, akaandika alama chini yake, akatia vitu mwenyewe kwa mkono uliokuwa umefunzwa vizuri zamani. Papa Amisi alimvalisha sapatu za mpira chini ya ile suti. Alibeba ufunguo. Siku ya tatu alifungua mlango mwenyewe, akainamia darubini na karatasi yake ya alama pembeni. Chupa tatu ziliwaka kijani. Tatu zilikuwa giza. Alilinganisha na karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka ya sita.

"Ni sawa," alisema. "Zote sita."

Nilidhani tumemaliza. Akakaa akaandika ripoti, akanipa niisome. Ilisema kwamba njia mpya ya kuingiza jeni ilipatikana *na Dokta Lubala, kwa msaada wa wafanyakazi wa usafi*. Nikamrudishia.

"Hii si kweli."

"Ni kawaida, Mama. Ripoti inataka jina lenye diploma. Juu yako nitaandika nini?"

Nikachukua simu nikampigia Dokta, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka mezani juu ya ripoti yake. Nilimwambia nani yuko mbele yangu na nini kimeandikwa. Sauti yake ndogo ikatoka, dhaifu zaidi kuliko kawaida.

"Inspekta, minye niko mu kitanda tangu mwezi mzima. Ile njia sikuifanya. Kama ningekuwa hapo ningemukataza kuacha barafu, na tungekosa. Andika jina yake. Na ya fotografe pia."

Mkaguzi alikata mstari ule kwa kalamu. Aliandika majina mawili, langu na la Amisi, na mbele ya langu alisita, kisha akaandika: fundi wa seli. Boksi la mbao lilirudi tupu. Mwaka uliofuata walijaribu tena kuichukua darubini, safari hiyo kwa barua, na mimi nikawajibu kwa picha kumi za kijani bila neno hata moja.

Najua mtasikia kwamba siku hizi kuna njia bora kuliko yangu. Ni kweli. Nimeona mashine zinazofanya kwa siku moja nilichofanya kwa mwezi, na nawatakia mzipate. Lakini msikubali mtu awaambie mngoje mpaka mzipate. Mimi ningengoja, darubini ingeondoka ndani ya boksi na seli zingekufa ndani ya wiki.

Dokta aliporudi, akitembea na fimbo, tuliingiza kile kipande cha jeni ya kirusi kwa njia ile ile. Siku mbili chumbani, bila barafu. Kisha tulichukua damu ya ngege watano wa Mama Kabura, waliobaki hai baada ya ugonjwa kupita, tukaacha damu itulie, tukadondosha yale maji yake ya juu kwenye seli. Juu yake tukatia rangi nyekundu inayoshika kinga ya samaki. Kama kinga ya wale watano haikujua chochote, rangi ingeoshwa ikaondoka yote. Dokta aliosha mara tatu. Akaniambia niangalie kwanza mimi.

Seli zilizopokea jeni ziliwaka nyekundu. Zile ambazo hazikupokea zilibaki giza. Damu ya samaki wa Sange ilikuwa imetambua kitu kilichotengenezwa ndani ya nyumba yetu ya bati.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la Sange. Nilimkuta Mama Kabura kwenye ukingo wa bwawa, ameinua kitenge mpaka magotini, analisha samaki pumba za mpunga. Nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima, na nadhani nilikuwa bado nacheka.

"Umeleta dawa?" aliuliza.

"Hapana, Mama Kabura. Dawa bado. Itachukua miaka, na pengine si minye nitaimaliza."

"Sasa uko nacheka nini?"

Nikamweleza. Kwamba samaki wake watano waliutambua ugonjwa, kwamba sasa tunajua ni sehemu gani wanaitambua, na kwamba tunaweza kuitengeneza wenyewe, hapa. Alisikiliza akiendelea kurusha pumba. Nilipomaliza alisema "ego" mara moja, yaani ndiyo kwa Kirundi, kama mtu anayeafiki bei. Akaweka beseni chini, akachukua wavu, akaingia bwawani mpaka mapajani. Alizunguka polepole, akamfuata mmoja tu, akamwacha akapita, akamfuata tena. Alipotoka alikuwa na ngege mkubwa mwenye kovu refu ubavuni na jicho moja lililofifia, anapiga mkia kwa nguvu mpaka maji yakanirukia usoni.

"Twaa na huyu," alisema. "Ugonjwa ilimupitia mara mbili. Benzake karibu bote balikufa. Yeye alikatala."

Nikajaza ndoo maji, nimpeleke labo akiwa hai.